Asifiwe au Afumue? Njia Mbili za Kumfundisha Anayeanza Kushona Kwilti

Anayekuja kujifunza kushona kwilti, lile blanketi la viraka lenye matabaka matatu yaliyoshikanishwa kwa mishono, huangukia mikononi mwa mwalimu wa aina moja kati ya mbili. Wa kwanza humwambia: shona tu, usiogope, ukikosea hakuna atakayeona, la muhimu ni umalize. Wa pili humwambia: hapa hapajakaa sawa, fumua urudie. Wote wawili wana nia njema. Wa kwanza huzaa watu wengi wanaomaliza blanketi la kwanza, kisha wakakwama siku wanapochagua mchoro wa pembetatu na ncha zote zikakatika. Wa pili huzaa mafundi wachache wazuri sana, na nyuma yao makabati yenye bloku (viraka vilivyounganishwa kuwa kipande kimoja cha mchoro) tatu nne zilizokunjwa na kusahauliwa.

Hapa naziweka njia hizo upande kwa upande, kwa ajili ya anayefundisha na pia kwa anayeanza ambaye anatafuta mwalimu wa kumfaa. Msimamo wangu nausema mapema: ukali uwekwe mahali pachache panapostahili, na penginepo pote uwe upole. Kazi yenyewe ni kujua mahali hapo pachache ni wapi.

Njia ya kumaliza kwanza

Nguvu yake ni kwamba mwanafunzi anapita hatua zote. Kuunganisha viraka ni sehemu tu ya kazi. Kuna kukata, kupiga pasi, kutandaza kitambaa cha nyuma, pamba ya katikati na tabaka la juu, kuyashikiza yasiteleze, kushona kupitia yote matatu, na mwisho kufunga ukingo. Aliyekwama kwenye bloku ya kwanza akitafuta pembe kamili hajui bado kwamba mishono iliyorundikana nyuma itaisumbua sindano baadaye, wala haelewi kwa nini mwalimu anasisitiza pasi kiasi hicho. Aliyefika ukingoni anaelewa, hata kama kwilti yake imepinda. Makosa yake yamemfundisha kwa sababu ameyaona yakizaa matokeo.

Halafu kuna furaha, na furaha si jambo dogo katika kazi inayochukua muda mrefu hivi. Kwilti iliyokwisha inafunika mtu. Bloku nzuri zilizo ndani ya mfuko hazifuniki mtu yeyote.

Udhaifu wake uko kwenye sifa zisizo na kitu ndani. "Nzuri sana!" haimwonyeshi mwanafunzi alichofanya kikawa kizuri, kwa hiyo hawezi kukirudia kwa makusudi. Tena wanaoanza wana macho. Mtu anaona mwenyewe kwamba mistari yake haikukutana. Ukimwambia imekutana, ataacha kuamini hata sifa unazompa kwa haki. Na yapo makosa ambayo upole hauyatibu: mshono uliopita karibu mno na ukingo wa kitambaa utaachia kwenye kufuliwa, haijalishi tulimpigia makofi kiasi gani.

Njia ya kufumua na kurudia

Hii nayo ina hoja nzito. Mkono hushika kile ulichokirudia. Aliyezoea kushona robo inchi kutoka ukingoni tangu siku za mwanzo haifikirii tena; mkono unajiendea wenyewe na akili inabaki huru kuchagua rangi na michoro. Aliyezoea kubahatisha itabidi aje aondoe tabia ya zamani ndipo aweke mpya, na hiyo ni kazi mara mbili.

Lakini kitambaa kina uvumilivu wake. Kitambaa cha pamba kinachofumuliwa mara kwa mara hulegea, nyuzi za ukingoni huchomoka, na kipande kilichokatwa mshazari huvutika kila kinaposhikwa. Ndiyo maana mwalimu anayefumulisha bila kikomo huharibu kitambaa anachotaka kishonwe vizuri. Mimi naweka mpaka: mshono ukifumuliwa mara mbili na bado haujakaa, kata kipande kipya au uache ulivyo. Mara ya tatu haina faida kwa kitambaa wala kwa mtu.

Kufumua kwenyewe ni ufundi, na unapaswa kufundishwa mapema, kabla hakujawa adhabu. Kata stichi moja kila baada ya tatu au nne upande mmoja wa mshono, geuza, kisha vuta uzi wa upande wa pili. Utatoka wote kwa mara moja. Kuvuta vipande viwili hadi viachane kunanyoosha kingo, na mshono wa pili utakuwa mbaya kuliko wa kwanza. Mwanafunzi aliyeonyeshwa hivi kwa utulivu, kwenye vipande vya majaribio, haoni tena kufumua kama kushindwa.

Udhaifu mkubwa wa njia hii ni kwamba mara nyingi haitofautishi makosa. Stichi iliyopinda kidogo kwenye kona na mshono ulioachia wazi vinapewa uzito mmoja. Mwanafunzi anaondoka akiamini kila kitu ni kosa, na mtu wa namna hiyo hawezi kujisahihisha akiwa peke yake.

Kosa linalokua na kosa linalokaa

Hapa ndipo ninapoona njia hizi mbili zinaweza kupatana. Katika kwilti kuna makosa yanayokua kadiri kazi inavyoendelea, na kuna yanayokaa palepale yalipotokea. Yanayokua yanastahili ukali wote wa mwalimu wa pili. Yanayokaa yaachwe kwa mwalimu wa kwanza.

Chukua upana wa mshono. Kawaida ya kwilti ni robo inchi, karibu milimita 6, kutoka ukingo wa kitambaa hadi stichi. Mtu akizidisha milimita 1 tu, kila mshono unakula milimita 2 zaidi, kwa kuwa unakula pande zote mbili. Safu ya miraba 12 ina mishono 11. Hapo safu imepungua milimita 22, na ikiwekwa kando ya safu iliyoshonwa sawasawa, hakuna pini itakayozikutanisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu ndio ufa wenyewe.

Kuna jambo moja ambalo wanaoanza ni nadra kuambiwa, nami naona linatia moyo kuliko sifa yoyote. Kama kwilti yote ni miraba ya ukubwa mmoja, na mshono umezidi kwa kiasi kilekile kila mahali, hakuna kitakachoharibika. Miraba itapungua yote sawa, mistari itakutana, na blanketi litakuwa dogo kidogo tu. Kinachovuruga ni kubadilika: leo mpana, kesho mwembamba. Kwa hiyo anayeanza anaweza kutafuta usawa kwanza na kipimo kamili baadaye, ilimradi mchoro unaruhusu.

Kipimo kinakuwa cha lazima pale bloku zenye idadi tofauti ya vipande zinapokaa jirani. Mraba mmoja mzima ukikaa kando ya mraba ulioundwa kwa vipande vinne, ule wa vipande vinne una mshono katikati na mwenzake hana. Robo inchi ikikosewa, hazitalingana kamwe.

Jaribio la kupima mkono ni rahisi, na ningependa kila mwalimu alitumie badala ya hotuba. Kata vipande vitatu vyenye upana wa inchi 1½ na urefu wa inchi 3½. Viunganishe kwa upande mrefu, piga pasi, pima. Jumla ya upana lazima iwe inchi 3½, na kipande cha katikati inchi 1 kamili. Ikipungua, mshono ni mpana. Ikizidi, ni mwembamba. Mara nyingi itapungua kidogo hata kwa aliyeshona robo inchi kamili, kwa sababu kitambaa kinapokunjwa juu ya mshono kinachukua unene wa uzi mmoja au miwili. Dawa yake ni kushona pembeni kidogo ya alama, ukielekea ukingoni. Kisha bandika tepu kwenye bamba la cherehani, mahali pale kitambaa kilipopita siku kipimo kilipotimia. Tangu hapo tepu ndiyo inayosahihisha. Mwalimu anapumzika, na mwanafunzi hapati hisia kwamba anaonewa.

Makosa mengine yanayokua: kukata vipande visivyo sawa, kuburuta pasi, na mpaka wa nje ulioshonwa bila kupimwa. Yanayokaa ni mengi zaidi: stichi za juu zenye urefu usiolingana, pembe iliyokosana kwa upana wa nyuzi mbili, rangi mbili zilizokaa vibaya, mstari wa kushikanishia uliopinda. Hayo hayaharibu hatua inayofuata. Mwonyeshe, mweleze yalitoka wapi, aendelee.

Kazi ya kwanza: miraba, mistari au pembetatu

Hapa uchaguzi wa mwalimu una uzito kuliko maneno yake. Mchoro uliochaguliwa vizuri unamsifu mwanafunzi wenyewe.

Miraba mitupu inasamehe mshono uliozidi, kama nilivyoonyesha, lakini haisamehi kukata vibaya. Pia ina pembe nne zinazokutana kila mahali, na macho hukimbilia hapo. Kwa anayependa utulivu na marudio, inafaa sana.

Mistari mitatu mirefu (kanda za kitambaa) iliyounganishwa, kisha ikakatwa vipande vya mraba na kupangwa mmoja wima, mwingine umelala, ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Unashona mishono mirefu iliyonyooka, halafu unakata mraba baada ya kushona, kwa hiyo tofauti ndogo za mshono zinakatwa na kutupwa. Miraba inapopangwa, mishono ya ndani haihitaji kukutana na ya jirani. Mtu anapata kazi iliyonyooka bila kuteseka, na kile alichofanya sawasawa, kukata mraba kwa kipimo, ni ustadi wa kweli atakaoutumia siku zote.

Pembetatu ziachwe. Upande wake mrefu umekatwa mshazari, nyuzi hazina kinachozishika, na unavutika hata kwa uzito wa mkono. Anayeng'ang'ania nyota yenye ncha kali afundishwe njia hii: weka miraba miwili uso kwa uso, chora mstari kutoka kona hadi kona, shona robo inchi kila upande wa mstari, kisha kata juu ya mstari. Zinatoka bloku mbili zenye pembetatu mbilimbili, na mshazari umeshonwa kabla haujapata nafasi ya kuvutika. Ikatwe mikubwa kidogo, ipunguzwe kwa kipimo baada ya pasi.

Kuhusu ukubwa sina maneno mengi: ya kwanza iwe ndogo, ya kufunika mtoto au miguu. Kubwa huchosha pale inapobidi kuipitisha yote chini ya cherehani.

Mkono au cherehani

Wapo wanaoamini mkono unafundisha ufundi zaidi. Upo ukweli ndani yake. Anayeshona kwa sindano anaona kila stichi, anachora mstari wa kufuata, na anaweza kusimama hasa kwenye kona. Kosa lake linakuja polepole kiasi cha kulikamata. Cherehani inampa mtu mshono imara na haraka, lakini inamwezesha pia kukosea kwa haraka. Kwa anayetishika na mashine, au anayeshona vipande vidogo akiwa amekaa na wenzake, mkono ni mwanzo mzuri. Kwa anayetaka kuona kwilti imekwisha kabla hamu haijapoa, ni cherehani, stichi za milimita 2 hadi 2.5, sindano mpya, na mwendo wa taratibu.

Pasi: upande mmoja au wazi

Walimu hubishana sana juu ya hili, na anayeanza hubaki katikati. Kulaza kingo zote mbili za mshono upande mmoja kuna faida mbili. Mshono unakuwa imara, na ukiilaza safu moja kulia na inayofuata kushoto, mishono inakumbatiana unapoziweka uso kwa uso. Unaisikia kwa kidole ikijifunga. Pembe zinakutana karibu zenyewe. Kufungua mshono na kuulaza pande zote mbili kunafanya uso uwe bapa zaidi, jambo linalosaidia pale vipande vingi vinapokutana sehemu moja, lakini hakuna kinachojifunga. Ni pini na uangalifu tu.

Kwa anayeanza, upande mmoja, bila kusita. Kile kidole kinachosikia mishono ikikutana kinafundisha usahihi kuliko rula, na kinampa mtu raha anayoirudia mwenyewe. Kwa vyovyote vile, pasi ibonyezwe na kuinuliwa. Kuiburuta kunanyoosha kitambaa, na bloku iliyokuwa mraba inatoka na kiuno.

Kushikiza matabaka

Kuna bandi ya uzi (mishono mirefu ya muda), pini, na gundi ya kupuliza. Bandi inachukua muda lakini haiachi kitu kigumu njiani, inafaa kwa anayeshona kwa mkono. Pini za kufunga ni za wepesi wa kati. Ziwekwe kila upana wa kiganja, kuanzia katikati kwenda nje. Gundi ni ya haraka, lakini inahitaji hewa ya kutosha na tabaka la nyuma lililonyooshwa vizuri. Hapa ndipo mwalimu mpole hukosea kwa kumhurumia mwanafunzi na kumruhusu aruke hatua. Mkunjo nyuma ya kwilti hautoki kwa sifa. Nyoosha kitambaa cha nyuma, kibandike tepu sakafuni au mezani, hapo ukali ni huruma.

Umbali kati ya mistari ya kushikanisha hutegemea pamba ya katikati, na kiwango chake huandikwa kwenye pakiti. Kifuatwe, la sivyo pamba itakusanyika madonge ikifuliwa.

Mpaka wa nje

Anayeanza huchukua ukanda mrefu, huushona kuzunguka kwilti, kisha hukata mwisho unaozidi. Ukingo unatoka na mawimbi. Ukingo wa kwilti huwa umevutika kwa kushikwashikwa, na ukanda umeufuata. Pima kwa kupita katikati ya kwilti, kata kanda mbili za kipimo hicho, kisha zibane kwa pini zikiwa na kipimo hicho hata kama ukingo umezidi kidogo. Kosa hili nalihesabu kati ya yale yanayokua, na ndilo la mwisho ninalolikalia macho. Kufunga ukingo kwa mkono au kwa mashine ni suala la muda tu. Vyote viwili ni sawa.

Maneno ya mwalimu

Linganisha sentensi hizi mbili: "Umejitahidi," na, "Pembe hizi tatu zimekutana kwa sababu ulilaza mishono pande tofauti, ile ya nne mishono ilielekea upande mmoja." Ya pili ina sifa na sahihisho pamoja, na haimhukumu mtu. Imetaja kitendo. Mwanafunzi anarudi nyumbani akijua la kufanya kesho. Ningependa mwalimu asitumie neno "mbaya" kabisa, na neno "nzuri" alitumie tu akiweza kusema kwa nini.

Swali jingine zuri ni kumwachia uamuzi: hii ukiiacha haitaharibu kitu, je, itakusumbua kila ukiitazama? Akisema ndiyo, atafumua kwa hiari yake.

Mifano miwili mikubwa

Watetezi wa uhuru hutaja kwilti za wanawake wa Gee's Bend, Alabama, Marekani, zilizoonyeshwa Houston mwaka 2002 kisha New York. Mistari yake inayumba, miraba haina ulinganifu, na ni kazi za kustaajabisha. Lakini kuyumba kule ni uamuzi wa macho yaliyokomaa, na zilishonwa kwa nguo chakavu za kazi ili ziwatie watu joto. Hazifundishi kwamba mshono ukiachia ni sawa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni kwilti ya kumbukumbu ya waliokufa kwa UKIMWI, iliyoanza Marekani mwaka 1987. Ilipotandazwa Washington tarehe 11 Oktoba mwaka huo ilikuwa na vipande 1,920. Vilitengenezwa na ndugu, wapenzi na marafiki, mtu yeyote aliyefiwa, awe anajua kushona au hajui. Ndani ya kipande mtu aliweka alichotaka: majina, picha, nguo za marehemu. Sharti lilikuwa kipimo, futi 3 kwa futi 6, kwa kuwa vipande vinane huunganishwa kuwa mraba wa futi 12. Uhuru ndani, ukali ukingoni. Bila kipimo kile, huzuni ya watu wote wale isingeweza kuunganishwa kuwa kitu kimoja.

Nani achague ipi

Mtoto, mtu aliyewahi kuambiwa hana mikono ya kazi, au anayeshona ili kumpa mtu zawadi kwa tarehe fulani, aelekezwe kwenye kumaliza, huku tepu ya robo inchi ikiwa imebandikwa tayari kwenye cherehani. Mtu aliyekwisha kushona nguo ana mkono imara, lakini fundi wa nguo huzoea mshono mpana zaidi, kwa hiyo yeye aanze na lile jaribio la vipande vitatu hadi kipimo kitimie. Anayetaka siku moja kuuza kazi zake aombe mwalimu mkali, na aombe aambiwe sababu ya kila sahihisho.

Kwa kwilti ya pili, mwanafunzi wa aina yoyote achague mchoro unaotumia yaleyale ya kwanza pamoja na jambo moja jipya: miraba minne kando ya mraba mzima, au pembetatu za ile njia ya miraba miwili. Kabla ya kukata, aitandaze ile ya kwanza mezani na kutaja mwenyewe kosa moja analotaka lisirudi, kisha aanze hapo.